Kikomo cha fedha za kampeni bila majina ya wafadhili ni kazi bure

Uchaguzi mkuu wa Kenya utafanyika tarehe 10 Agosti 2027, na sheria inaitaka Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, itangaze viwango vya matumizi ya kampeni angalau miezi kumi na miwili kabla ya siku ya kura. Hesabu hiyo inatua Agosti 2026, na ndiyo maana mjadala wa fedha za kampeni umefufuka. Umefufuka na sura yake ya zamani: mgombea urais aruhusiwe kutumia kiasi gani, gavana kiasi gani, mbunge kiasi gani, mwakilishi wadi kiasi gani. Magazeti yanazipenda tarakimu hizo kwa sababu ni kubwa na zinapendeza kwenye kichwa cha habari. Wanasiasa nao wanazipenda, ingawa hawatakiri, kwa sababu muda wote tunaobishana kama kikomo kiwe bilioni nne au bilioni sita, hakuna anayewauliza fedha zenyewe wamezitoa wapi.

Kwa maoni yangu, hapo tumeanzia mahali pasipofaa. Kikomo cha matumizi ndicho kipengele dhaifu kuliko vyote katika udhibiti wa fedha za siasa. Ni kigumu kukipima, ni chepesi kukikwepa, na hata kikiheshimiwa hakimwambii mpiga kura jambo analostahili kulijua kabla hajatia alama kwenye karatasi: nani amemfadhili huyu anayeniomba kura, na anatarajia kurudishiwa nini. Kama Kenya ina nafasi ya kurekebisha jambo moja tu kabla ya 2027, basi liwe hili la kuchapisha majina ya wafadhili wakubwa wakati kampeni zingali zinaendelea, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuyasoma. Kizuizi cha kwanza cha kufanya hivyo hakiko kwa wapiga kura wala hakiko kwa tume. Kimo ndani ya sheria tunayoidai itekelezwe.

Historia ya sheria hiyo inachosha, lakini haina budi kuelezwa. Ibara ya 88 ya Katiba ya 2010 iliipa IEBC kazi ya kudhibiti kiasi cha fedha kinachotumiwa na mgombea au chama, au na mtu mwingine kwa niaba yao. Bunge likapitisha Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi mwaka 2013, uchaguzi wa mwaka huo ukiwa umeshapita. Mwaka 2016 tume ilichapisha viwango, mgombea urais akiwekewa shilingi bilioni 5.2, na wabunge wakaibadilisha sheria ili ianze kutumika baada ya uchaguzi wa 2017. Agosti 2021 tume, ikiongozwa na hayati Wafula Chebukati, ilijaribu tena: takriban bilioni 4.4 kwa urais. Safari hii Bunge la Taifa lilivibatilisha viwango kwa hoja ya utaratibu, kwamba kanuni hazikuidhinishwa na Bunge kama ilivyotakiwa. Uchaguzi wa 9 Agosti 2022 ukafanyika kila mtu akitumia alichokuwa nacho. Chebukati alipostaafu Januari 2023 tume ilikaa bila makamishna hadi Julai 2025, alipoapishwa Erastus Ethekon na wenzake. Zaidi ya mwongo mmoja umepita na sheria hiyo haijawahi kumbana hata mgombea mmoja katika uchaguzi mkuu.

Anayesikia kisa hiki huishia kusema kwamba adui ni Bunge, na dawa ni kuhakikisha wabunge hawapati nafasi ya kuhujumu viwango kwa mara ya tatu. Si uongo, ila ni nusu tu ya habari. Tuseme wabunge wangekaa kimya mwaka 2021 na sheria ikafanya kazi neno kwa neno kama ilivyoandikwa. Sheria kama ilivyopitishwa 2013 inamtaka mgombea aitajie tume kiasi cha michango na ilikotoka. Halafu inaiamuru tume iitunze taarifa hiyo kwa siri, isiitoe isipokuwa imekuwa sehemu ya malalamiko, uchunguzi au kesi mahakamani. Mwananchi atalalamikia vipi jambo ambalo sheria inamkataza kulijua? Sheria hiyo pia inasema mchango kutoka chanzo kimoja usizidi asilimia 20 ya michango yote. Piga hesabu kwa kikomo cha 2021. Mgombea urais aliyechangisha hadi ukingoni angeweza kupokea karibu shilingi milioni 880 kutoka kwa mtu mmoja, kihalali kabisa, akajaza fomu zote, na jina la mtu huyo likabaki kwenye kabati la tume hadi leo. Mtu aliyemlipia rais mtarajiwa moja ya tano ya kampeni ni habari ya taifa. Sheria yetu imeifanya siri ya ofisi.

Sasa tukiangalie kikomo chenyewe, kwa haki. Bilioni 4.4 inasikika kama kufuru, lakini mwaka 2022 Kenya ilikuwa na wapiga kura waliosajiliwa 22,120,458, kwa hiyo ni kama shilingi 200 kwa kila mpiga kura kwa kampeni nzima. Vituo vya kupigia kura vilikuwa 46,229. Ukimweka wakala mmoja tu katika kila kituo na ukamlipa shilingi 1,000 ya siku, ambayo hata chakula na nauli huenda isitoshe kama kituo kiko Turkana au Tana River, umeshatumia zaidi ya milioni 46 kabla hujachapisha bango moja. Kampeni halali ni ghali katika nchi yenye ukubwa huu. Kuna matangazo ya redio za lugha za nyumbani, kuna magari, kuna ofisi za kaunti 47, kuna wanasheria. Kumchukia mgombea kwa sababu tu ametumia fedha nyingi ni kukosea lengo. Mwenye kuchangiwa na watu laki tano, kila mmoja shilingi mia chache, anaweza kutumia mengi bila kudaiwa na yeyote. Na mwenye kutumia kidogo anaweza kuwa ameuza kiti chote kwa mtu mmoja.

Ugumu wa kupima nao si wa kinadharia. Yeyote aliyeishi katika mji mdogo wa kaunti wakati wa kampeni ataitambua picha hii. Asubuhi ya mkutano wa hadhara bodaboda zimepanga foleni kwenye kituo cha mafuta hadi barabarani, nyingine zimefungwa kitambaa cha rangi ya chama kwenye kioo cha pembeni. Kijana mwenye daftari anaandika namba ya kila pikipiki. Mhudumu wa pampu anaweka mafuta ya shilingi 200, hapokei hela, anamwita wa nyuma. Jioni daftari linajumlishwa na ankara inakwenda kwa kampuni ya ujenzi yenye akaunti ya mkopo pale kituoni, ileile inayochukulia hapo dizeli ya magreda yake. Kwenye vitabu vya kampuni hayo ni mafuta ya kazi. Mwenye kampuni hajatoa mchango wowote, mgombea hajapokea mchango wowote, na akaunti rasmi ya kampeni haijapungua hata senti. Mkaguzi anayefuatilia kikomo atajumlisha risiti za akaunti hiyo na hataiona hata lita moja. Mkaguzi anayefuatilia wafadhili, akiwa na sheria inayohesabu mafuta, helikopta, fulana na mahema kuwa mchango sawa na fedha taslimu, ana swali moja tu la kumuuliza mwenye kituo.

Halafu kuna suala la saa ngapi kampeni inaanza. Kwa kalenda ya IEBC, kampeni za 2022 zilikuwa kuanzia 29 Mei hadi 6 Agosti, wiki kumi. Hakuna Mkenya aliyeamini kwamba kampeni zilianza 29 Mei. Zilikuwa zimeanza kwenye michango ya makanisa, kwenye mazishi, kwenye harambee za shule na mashindano ya kandanda, miaka kabla. Julai 2024, maandamano ya vijana yakiwa bado moto, Rais William Ruto alitangaza kuwa maafisa wa serikali wasishiriki tena harambee. Novemba mwaka huo akatoa mchango katika kanisa Katoliki la Soweto, Kayole. Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, akaagiza milioni 2.6 zilizokuwa zimetolewa zirudishwe na ahadi ya milioni 3 zaidi ikataliwe. Machi 2025 Rais akatoa milioni 20 kwa kanisa la Jesus Winner Ministry lililoko Roysambu. Je, hizo ni fedha za kampeni? Wakili wake atasema uchaguzi ulikuwa mbali, na kisheria huenda yuko sahihi. Ndiyo shida ya kikomo: kinahesabu kuanzia filimbi ilipopulizwa, na wanasiasa wetu hucheza mchezo mzima kabla ya filimbi. Uamuzi wa Askofu Anyolo uliwezekana kwa sababu kila mtu alijua nani ametoa, kiasi gani, na kwa nani. Utangazaji ulifanya kazi ambayo hakuna kiwango cha Gazeti Rasmi la Serikali kingeweza kuifanya.

Kwa nini chanzo kina uzito kuliko kiasi? Kwa sababu gharama ya kampeni hurudishwa, na anayerudisha si mgombea. Utafiti wa Karuti Kanyinga na Tom Mboya (mtafiti, si yule mwanasiasa wa zamani) kuhusu gharama za siasa Kenya, uliotolewa 2021, ulikadiria kwamba aliyewania ubunge mwaka 2017 alitumia kwa wastani shilingi milioni 18.2, na aliyewania useneta milioni 35.5. Mshahara wa mbunge uliowekwa 2017 ulikuwa shilingi 621,250 kwa mwezi kabla ya kodi. Kufidia milioni 18.2 kungemhitaji mbunge aweke kando mshahara wake wote, bila kula wala kulipa kodi, kwa zaidi ya miezi 29, karibu nusu ya muhula. Hakuna anayefanya hivyo. Pengo hilo huzibwa na mtu, na mtu huyo anajulikana kwa mbunge, kwa karani wa zabuni na kwa mwenye benki. Asiyemjua ni mpiga kura peke yake.

Wakenya wa rika fulani hawahitaji kuelezwa jinsi bili inavyomfikia asiyehusika. Mwaka 1992, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya muda mrefu, kundi la Youth for KANU '92, lililokipigia debe chama tawala cha wakati huo, lilimwaga fedha hadi mtaani noti mpya ya shilingi 500 ikabatizwa jina la mwenyekiti wake, Jirongo. Katika miaka hiyohiyo kashfa ya Goldenberg ilikuwa ikichota mabilioni kutoka hazina kama fidia ya mauzo ya nje ya dhahabu na almasi ambazo nchi haikuwa ikizichimba kwa kiasi hicho. Mwaka 1993 mfumuko wa bei ulifika karibu asilimia 46. Mama aliyenunua unga wa mahindi mwaka huo alikuwa akilipia kampeni ya mwaka uliotangulia, na hakuna aliyempa risiti.

Tanzania wana kisa chao. Katika mwaka wa fedha 2005/06, mwaka wa uchaguzi, zaidi ya shilingi bilioni 130 zilitoka kwenye akaunti ya madeni ya nje, EPA, iliyokuwa Benki Kuu, zikaenda kwa kampuni 22. Wapinzani walidai sehemu ya fedha hizo iliingia kwenye kampeni. Chama tawala kikakana. Kwa kuwa hapakuwa na orodha ya wafadhili ya kulinganisha, dai na kanusho vyote viwili vilibaki hewani. Ni jambo ambalo wanasiasa waaminifu, na wapo, wangepaswa kuliogopa. Usiri haumlindi asiye na hatia. Unamnyima karatasi ya kujitetea.

Nirudi kwa wanaopinga kuanikwa kwa majina, kwa sababu wana hoja moja nzito na mbili tatu nyepesi. Nzito ni ya kisasi. Mfanyabiashara anayemfadhili mpinzani anaogopa kuamka Jumatatu akakuta maafisa wa ushuru mlangoni, leseni yake imekwama kwenye meza ya mtu, na malipo ya zabuni aliyoimaliza mwaka jana yamecheleweshwa bila maelezo. Hofu hiyo ina msingi katika nchi zetu zote za Afrika Mashariki. Agosti 2025 CCM ilifanya harambee yake Mlimani City, Dar es Salaam, kwa lengo la shilingi bilioni 100, na ahadi za wafanyabiashara zikatajwa mbele ya kamera. Anayechangia chama kilicho madarakani haombi kufichwa. Wanaoomba kufichwa ni wale wa upande wa pili, na sheria ya uwazi iliyoandikwa ovyo inaweza kukausha visima vya upinzani huku ikimwacha aliye madarakani na visima vyake vyote.

Lakini hebu tujiulize usiri unamficha mfadhili dhidi ya nani. Serikali ina mamlaka ya ushuru, ina idara ya ujasusi, na inaweza kupata taarifa za benki. India walilifanyia jambo hili majaribio kwa niaba yetu. Kuanzia 2018 walikuwa na hati za uchaguzi, ambazo kampuni ilizinunua benki na kukikabidhi chama bila umma kujua. Hoja ilikuwa ileile ya kumlinda mfadhili dhidi ya kisasi. Benki iliyouza hati hizo ilikuwa State Bank of India, benki ya serikali. Februari 2024 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliufuta mpango huo kwa kukiuka haki ya mpiga kura kupata habari. Orodha zilipochapishwa mwezi uliofuata, mnunuzi mkubwa kuliko wote alikuwa kampuni ya bahati nasibu ambayo vyombo vya dola vilikuwa vikiichunguza. Usiri ulikuwa umewafunga macho wananchi na wapinzani tu. Hali ni hiyo hata kwetu: anayetaka kulipiza kisasi ameshajua. Ulinzi wa kweli kwa mfadhili wa upinzani ni jina lake kuwa hadharani kabla msako haujaja, ili msako wenyewe ukija uonekane ulivyo. Na kwa mchangiaji mdogo, aliyetuma shilingi 500 kwa M-Pesa, hakuna haja ya jina. Weka kiwango, tuseme shilingi 100,000 kwa kampeni nzima, na chini ya hapo chapisha jumla tu.

Hoja ya pili ni kwamba fedha chafu ni taslimu na taslimu haina orodha. Kweli kwa sehemu. Februari 2024 Kenya iliwekwa kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zenye udhibiti dhaifu, ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, na hiyo si sifa ya nchi inayojua fedha zake zinakopita. Ila tusisahau kwamba udhaifu huu unakiumiza kikomo zaidi. Aliyeficha gunia la noti amevunja kikomo bila mtu kujua. Lakini chini ya sheria ya kutaja wafadhili, gunia lisilotajwa ni kosa lenyewe, bila tume kulazimika kuthibitisha kwamba jumla imezidi bilioni nne. Mwendesha mashtaka anahitaji kuonyesha mchango mmoja mkubwa usioandikwa. Ni kesi inayowezekana. Kesi ya kujumlisha matumizi yote ya mgombea urais katika kaunti 47 sidhani kama itafika mwisho katika uhai wa bunge moja.

Nyepesi kuliko zote ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa: kwamba wapiga kura ndio wenye tamaa. Mwanasiasa atakwambia kwamba hawezi kutoka nje ya geti bila kuombwa karo, bili ya hospitali, mchango wa jeneza. Akikataa anaitwa mchoyo, na mpinzani wake anatoa. Utamaduni wetu ni wa kusaidiana, anasema, nyinyi watu wa Nairobi mnataka kuleta sheria za Wazungu. Nakubali maombi yapo na ni mengi. Lakini hoja hii inaeleza fedha zinakwenda wapi, haigusi zinatoka wapi. Unaweza kuwa karimu kuliko watu wote wa wadi yako na bado ukamtaja aliyekupa cha kukirimia. Kusaidiana kwa kweli huwa na daftari: kwenye harambee ya kijiji katibu husoma majina na kiasi mbele ya watu wote, na asiyetoa anajulikana. Wanaotaka fedha zitolewe hadharani na zipokelewe gizani wameuchukua utamaduni nusu.

Tanzania ilishawahi kuipeleka hoja hii hadi mahakamani. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa kuruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema ya kimila. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na mashirika mengine mawili wakafungua kesi, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo. Ilisema vinawabagua wagombea wasio na uwezo na vinafungua mlango wa rushwa. Miaka minne baadaye, Machi 2010, Rais Jakaya Kikwete alisaini Sheria ya Gharama za Uchaguzi kwa hafla Ikulu, na Msajili wa Vyama vya Siasa akapewa jukumu la kuisimamia. Inatajwa sana kama mfano wa kuigwa, nami naitaja kwa sababu ya kasoro yake moja. Taarifa za vyama hufika kwa Msajili baada ya uchaguzi, chama kikiwa na siku 180 tangu siku ya kura. Kufikia hapo mshindi ameshaapishwa, baraza la mawaziri limetangazwa, na bajeti ya kwanza imesomwa au iko njiani. Mpiga kura hana cha kufanya na taarifa hiyo isipokuwa kuikumbuka kwa miaka minne na nusu.

Mfano wa karibu unaofaa zaidi uko Afrika Kusini. Juni 2018 Mahakama ya Katiba ya huko iliamua, katika kesi ya shirika la My Vote Counts, kwamba kujua nani anavifadhili vyama ni sehemu ya haki ya kupiga kura yenyewe. Sheria ya ufadhili wa vyama ikaanza kutumika 1 Aprili 2021: michango inayozidi randi 100,000 kwa mwaka ilitakiwa kutangazwa, na tume ya uchaguzi huichapisha kila robo mwaka. Vyama vililia kwamba wafadhili wamekimbia, na baadaye viwango vikapandishwa, jambo ambalo mimi naliona ni hatua ya kurudi nyuma. Hata hivyo, tazama kilichopatikana. Mwaka 2022 ilionekana kwenye orodha rasmi kwamba ANC imepokea mamilioni ya randi kutoka United Manganese of Kalahari, kampuni ya mgodi yenye uhusiano na tajiri wa Kirusi Viktor Vekselberg, aliyewekewa vikwazo na Marekani. Ulikuwa mwaka uleule ambao serikali ya ANC ilikuwa ikijizuia kupiga kura Umoja wa Mataifa kuhusu vita vya Ukraine. Uhusiano wa mambo hayo mawili haukuthibitishwa, na ANC ilikuwa na haki ya kujieleza. Lakini Waafrika Kusini walilijadili jambo hilo wakiwa na karatasi mkononi, si uvumi wa kijiweni. Brazil wameenda mbali zaidi upande wa kasi: mgombea anatakiwa kuripoti mchango wa fedha ndani ya saa 72, na mahakama ya uchaguzi inauweka kwenye tovuti.

Kwa Kenya, vifaa tayari tunavyo, pengine kuliko nchi hizo zote mbili. Michango midogo inaweza kupita kwenye namba ya malipo ya simu inayojiandikia daftari lake yenyewe. Agizo la Rais namba 2 la 2018 liliziamuru taasisi za umma zichapishe taarifa za zabuni na kampuni zilizoshinda. Weka orodha ya wafadhili kando ya orodha ya zabuni, na mwanahabari wa kaunti, au kijana yeyote mwenye kompyuta na hasira kidogo, ataona ndani ya wiki moja ni mkandarasi gani alimfadhili gavana na akapata barabara gani. Hilo ndilo wanalolihofia, kuliko kikomo cha bilioni ngapi. Ndiyo sababu pia kifungu cha usiri kimedumu tangu 2013 huku vita vyote vikipiganwa juu ya viwango.

Kukiondoa ni kazi ya Bunge, na wabunge ndio watakaoanikwa, kwa hiyo sitarajii haraka kutoka huko. Njia ya mahakama ipo: ibara ya 35 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari, ibara ya 38 inampa haki za kisiasa, na hoja iliyoshinda Afrika Kusini inaweza kusikilizwa katika mahakama za Milimani, Nairobi. IEBC nayo inaweza kutumia kanuni zake kudai taarifa mapema na kwa muundo unaosomeka, ili siku usiri ukifutwa pasiwe na visingizio vya makabati na karatasi. Wagombea wenyewe hawana haja ya kusubiri. Kifungu kinachoifunga mdomo tume hakimfungi mgombea: hakuna sheria ya Kenya inayomkataza anayewania urais mwaka 2027 kuweka orodha ya wafadhili wake kwenye tovuti yake kila Ijumaa jioni. Atakayeanza atawaacha wenzake wakieleza kila Jumatatu kwa nini zao hazionekani, na waandishi wa habari wanaofuatana na misafara yao wanaweza kuanza kuuliza swali hilo kwenye mkutano wa kwanza wa kampeni, kabla hata ya kuuliza kuhusu manifesto.